Joka Lisilokunja Ngumi

Jino la kwanza nililikuta kwenye mkia. Si jino la joka, jamani, ni jino la mtoto wa watu, dogo kama punje ya mchele, limenasa kwenye sponji baada ya mwenyewe kung'ata na kung'ang'ania mpaka mama yake akamvuta miguu. Nililitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Mwaka ulipoisha kopo lilikuwa na meno matatu na hereni moja. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona sare, mapazia na mashela ya maharusi waliogombana kabla sijamaliza pindo. Lakini kazi iliyonionyesha binadamu ni nani ni kushona na kushona tena vazi la kiumbe ambaye kila mtoto anasema anampenda.

Kiumbe mwenyewe anaitwa Cheche. Ametoka kwenye ule mchezo wa kukusanya viumbe, upo kwenye simu, upo kwenye kadi, upo kwenye katuni za asubuhi, huukwepi. Viumbe wako mia tatu na ushee, kila mmoja na pigo lake: huyu anatema tindikali, yule anaporomosha miamba. Cheche ni joka la kijani lenye kitambi, na vibawa vifupi kama vya kuku aliyenyonyoka, na kadi yake ndiyo pekee isiyo na pigo. Imeandikwa hivi: rafiki wa wote, hapigani.

Sasa sikia sheria. Kiumbe yeyote, awe mkali awe mpole, humkamati mpaka umpige apige goti. Akishapiga goti unahesabu hadi kumi. Asipoinuka, unamvisha pete shingoni, tayari, ni rafiki yako wa kufa na kuzikana. Yaani ukitaka rafiki, mtwange kwanza! Aliyebuni kitu hicho sijui alilelewa na nani.

Kwenye lile duka la midoli, chini kabisa ya jengo ambalo mimi nina kibanda changu cha cherehani ghorofa ya pili, kila Jumamosi Cheche alikuwa anasimama kwenye jukwaa dogo la mbao. Watoto wanapanga foleni. Mtoto anampiga mara tatu, polepole, hiyo ndiyo ilikuwa ahadi. Joka linapiga goti, wote wanahesabu, mtoto anamvisha pete ya mpira, anapigwa picha. Polepole! Nimeona mateke ya ugoko. Nimeona mtoto wa kike mwenye tepe kichwani akirudi nyuma hatua kumi ili aje na kichwa. Vazi lilikuwa linaletwa kwangu Jumapili limechanika kwapani na mgongoni, na ndani yake jasho, na siku nyingine madoa ya damu ambayo nilikuwa nayafua kimyakimya.

Aliyekuwa ndani ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Zamani walimwita Nyundo. Miaka kumi na moja alikuwa bondia, pua imevunjika mara mbili, sikio la kushoto limejikunja kama andazi lililokosea mafuta. Nilimtania mpaka basi. "Shemeji, wewe hata bila vazi watoto wangekuja na pete." Naye: "Na wewe, kwa mdomo huo, wangekufungia kabisa."

Tatizo lake kazini lilikuwa moja, na ni la bondia tu. Akiwa chini, akisikia watu wanahesabu, ikifika nane miguu yake inasimama yenyewe. Miaka kumi na moja mwili ulikuwa umefundishwa hivyo: pumzika hadi saba, nane uwe wima. Basi Cheche anapiga goti vizuri, watoto wanahesabu, pete iko juu tayari, nane, huyo, kasimama! Watoto wanapiga kelele, "Bado ana nguvu! Mpigeni!" na kipigo kinaanza upya. Meneja wa duka alimfokea wiki baada ya wiki.

"Tulia huko chini, bwana," nilimwambia. "Kuna mkanda wa ubingwa hapa?"

"Najua, shemeji. Nikiwa nimekaa kama hivi, najua. Nikiwa chini, sijui."

Siwezi kukwambia habari zake nikaruka pambano lake la mwisho. Raundi ya sita Nyundo alimwangusha mtu. Yule mtu akainuka kwenye tisa, macho meupe, mikono inaning'inia, mtoto angeona kuwa haoni kitu. Mwamuzi akamfuta glavu, akasema endeleeni. Nyundo akapiga kama alivyofundishwa. Mimi nilikaa kiti cha tatu kutoka ulingoni na niliusikia mfupa. Damu ilimtoka yule mtu sikioni, nyembamba, ikaendelea kutoka watu wakiwa bado wanashangilia. Siku ya pili akafa.

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alimwambia mumewe maneno machache tu: "Siku utakayomnyanyulia mtu mkono, yeyote yule, mimi na mtoto hutuoni tena." Dada si mtu wa kurudia. Akisema, ameshasema. Na shemeji hakubisha, kwa sababu yeye mwenyewe alijiogopa. Miaka miwili hakuweza kushika hata nyundo ya kugongea msumari.

Ndiyo maana alipopata kazi ya Cheche alipanda kibandani kwangu na zile glavu nene za kijani, za vidole vitatu.

"Shemeji, hizi zinakunjika."

"Si ndiyo kazi ya vidole?"

"Zishone zisikunjike."

Nikamtazama, nikaona hatanii. Nikachukua vile vipande vya plastiki ngumu vya kusimamishia kola za mashati, nikaviingiza vinne katika kila glavu, nikashona kwa uzi wa nailoni, mara mbili mbili. Alizivaa, akajaribu kufunga ngumi, zikakataa. Akacheka kwa raha kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi sikucheka. Nilijiona nimemfunga mtu mikono halafu nampeleka kwa watu wenye mateke.

Nyumbani, binti yao wa miaka sita hakujua lolote. Cheche haongei na havui kichwa mbele ya watoto, ndiyo sheria ya kwanza ya kazi, na baba mtu aliifuata hadi sebuleni kwake. Mtoto alibandika picha ya Cheche juu ya kitanda. Jioni moja akamrukia baba yake: "Baba, leo nimemkumbatia Cheche!"

"Ee? Ananukaje?"

"Ananuka kama wewe."

Tulicheka mbavu zikauma, hata dada, ambaye kicheko chake ni cha kubahatisha.

Sasa ikaja siku ya mashindano ya ule mchezo pale dukani. Ukumbi wa chini ulijaa watoto na wazazi wao, na wazazi, nakuapia, ndio waliokuwa wabaya zaidi. Alikuwepo baba mmoja mpana kama kabati, tulimwita Baba Pete kwa sababu alikuwa anambebea mwanawe begi zima la pete za mpira na kumfokea foleni nzima. Mtoto alikuwa mnyonge, macho chini. Wakafika fainali. Atakayemvisha Cheche pete ndiye bingwa.

Nilikuwa nimeshuka na binti wa dada, nikamsimamisha mbele ili aone. Rula yangu ya mbao ya mita moja ilikuwa mkononi, nilisahau kuiacha juu. Mwana wa Baba Pete akampiga Cheche tatu za kitoto. Cheche akapiga goti. Meneja akashika kipaza sauti: "Hesabuni wote!" Ukumbi ukanguruma. Moja. Mbili. Moyoni nikasema kaa chini, shemeji, leo tu, kaa chini. Saba. Nane. Akasimama. Pete ikampiga kifuani ikaanguka, na yule mtoto akaanza kulia.

"Joka gani hili linatuchezea!" Baba Pete akapanda jukwaani. Akang'oa bomba la chuma lililoshikilia bango, akalishika kwa mikono miwili, akamtandika Cheche shingoni.

Nilitegemea watu wapige mayowe. Wakapiga makofi! Walidhani ni maonyesho. Cheche alienda chini na meneja, mpumbavu yule, akaendelea na kipaza sauti chake: moja, mbili, na ukumbi mzima nyuma yake, mpaka watoto wa kubebwa. Kwenye nane shemeji akasimama. Bomba likampata kichwani. Akaanguka. Wakahesabu. Nane, akasimama, sasa anayumba. Bomba la mbavu, hapo sponji ni nyembamba, naijua, niliipunguza mwenyewe ili asipate joto. Hakutoa sauti. Cheche haongei. Mikono alikuwa ameinyoosha mbele, vile vidole vya kijani vimekakamaa, hawezi hata kulishika lile bomba. Kwenye mshono wa mdomo, niliouziba juzi yake, nikaona wekundu unatokeza, unashuka kidevuni.

Damu ilinichemka. Mimi sikuumbiwa uvumilivu. Nilipanda jukwaani nikamchapa Baba Pete sikioni kwa ile rula mpaka ikakatika vipande viwili, nikamwambia na jina lake analostahili. Akageuka na bomba. Niliinua mkono wa kushoto nijikinge na nikasikia tka, kitu cheupe cha maumivu kikanipanda hadi kwenye meno. Nikaenda chini. Na hapo yule binti wa dada akaja mbio, akasimama mbele yangu, mgongo kwa Cheche, akipayuka, "Usimpige mama mdogo!"

Bomba lilikuwa juu. Yule mtu alikuwa haoni tena kama aliye mbele yake ni mtoto au meza.

Niliusikia uzi kabla sijaona. Nailoni, mshono wangu, ukikatika tundu kwa tundu. Glavu ya kulia ikapasuka, na ngumi ya shemeji ikatoka, na zile plastiki zimechomoka zikamzamia kiganjani. Akapiga moja tu. Baba Pete aliachia bomba, akaanguka chali, kisogo kikagonga mbao.

Ukumbi mzima hakuna aliyehesabu.

Halafu, kutoka ndani ya kichwa cha joka, sauti: "Moja."

Akapiga magoti pembeni ya yule mtu. "Mbili. Inuka, bwana. Tatu. Inuka, nakuomba, inuka." Sauti ilikuwa imelowa. "Nne. Usinifanyie hivi. Tano." Watoto walikuwa wameduwaa, Cheche anaongea! Binti yake alikuwa anautazama mdomo wa lile joka, kichwa ameinamisha upande.

"Baba?"

"Sita," alisema shemeji. Hakuweza kuacha. "Saba. Nane. Inuka sasa, ndiyo muda wake, inuka!"

Kwenye tisa Baba Pete akakohoa, akageuka ubavu, akatema jino na damu. Mwanawe akamwendea akamshika bega. Shemeji akavua kichwa cha Cheche mbele ya watoto mia mbili, uso umepasuka kuanzia nyusi hadi mdomoni, akalia kwa sauti, bila haya, na mimi nikalia naye.

Hospitali walimshona uso, mimi wakanifunga mkono kwa plasta ngumu. Ngumi yake ya kulia nesi alijaribu kuifungua akashindwa. Tukatoka, tukarudi nyumbani alasiri, mtoto katikati yetu. Habari zilikuwa zimeshatutangulia. Begi lilikuwa juu ya kitanda, limejaa nusu, na dada alikuwa amesimama na gauni la mtoto mkononi.

"Ulimnyanyulia mtu mkono?"

"Ndiyo," alisema shemeji.

"Dada, yule mtu angeua, angalia mkono wangu, angalia..."

"Sijakuuliza wewe, mdogo wangu."

Dada akalikunja gauni, akaliweka ndani ya begi. Akachukua na viatu vya mtoto. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo, na hicho ndicho kilichonitisha. Shemeji alisimama mlangoni, hakuomba. Alipisha njia.

"Mama," mtoto akasema, "aliyepiga ni Cheche. Baba alikuwa ndani anahesabu."

Dada akasita na vile viatu mkononi. "Anahesabu nini?"

"Ili yule baba aamke. Alimwambia nakuomba. Alikuwa analia."

"Akaamka?"

"Kwenye tisa."

Dada akakaa juu ya begi, likabonyea. Akakaa hapo, viatu vya mtoto mapajani, na alipoinua uso nikaona machozi ambayo sikuyaona hata kwenye msiba wa mama yetu. Akamwita mumewe kwa kichwa. Shemeji akaja akapiga magoti mbele yake, na dada akaushika ule mkono wa kulia uliomshinda nesi, akaanza kuufungua kidole kimoja kimoja, taratibu, akipuliza. Ndani kulikuwa na vipande vinne vya plastiki, vile vya kola. Akavikabidhi kwangu mimi niliyevishona.