Mshenga wa Sauti ya Mama

Mama yangu, Mzigua wa Handeni anayeishi kwangu Old Korogwe tangu afiwe na baba, alikubali nirekodi hadithi zake kwa sharti moja: "Sauti waisikie, nyumba wasiijue." Hakutaka mtu asiyemwalika aje kupiga hodi.

Nikamjibu, kwa kiburi changu cha kila siku, kwamba hakuna atakayejua. Hadithi nikaziweka kwenye kompyuta kuukuu sebuleni, na wajukuu walioko mbali wakawa wanazisikiliza kwa mtandao.

Siku ya Idd shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mtani asiye na dogo, akaichunguza kwa simu yake, mbele ya watu wote, anwani ya tovuti yetu, ile inayoonyesha kompyuta iliko. "Shemeji, mbona inasema Korogwe? Bado kidogo initajie na rangi ya geti!"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. "Zitoe zote," akasema. "Na usinirekodi tena."

Niliona aibu, na mimi nikiona aibu hununa. Jina la mama nilikuwa nimelificha, lakini kila msikilizaji wa mtandaoni alikuwa anafika moja kwa moja kwenye kompyuta ya sebuleni, yaani mlangoni kwetu.

Jibu nililipata kwenye posa ya binti wa jirani. Baba wa kijana hakuja. Alimtuma mshenga, na maneno yote yakapita kwake. Nami nikakodi seva, kompyuta ya kupokea wageni wa mtandao, nchi ya mbali. Kompyuta ya sebuleni huifuata seva hiyo kwa njia iliyofungwa kwa ufunguo. Msikilizaji huishia kwa seva, nayo humpelekea sauti. Mlango wa mtandao wa nyumbani nikaufunga. Nilikosea wiki mbili nzima, lakini nikaweza, mimi fundi cherehani! Najivuna, na sioni haya kusema.

Mama aliponisikiliza nikimweleza akasema, "Kumbe mshenga. Haya, mwite huyo shemeji yako ajaribu."

Shemeji alihangaika na simu mpaka chai ikapoa. "Mama, sasa uko Ulaya," akakiri. "Nimeshindwa."

Mama akamwongezea chai ya moto, kisha akanigeukia.

"Washa hicho chombo chako. Kuna hadithi mama yangu alinisimulia tukipalilia mahindi. Ile sikukupa. Nilikuwa bado sijakuamini."