Mgeni Haulizwi Siku ya Kuondoka

Mpaka leo nikisikia mtu akisema utalii umefufuka, nyongo inanipanda kooni. Mmoja wa waliofufua utalii huo namjua vizuri, kwa sababu tulinyonya ziwa moja. Ni kaka yangu mkubwa, na aliufufua kwa kitanda cha mama yetu.

Corona ilipoingia, kaka alikuwa Nairobi na gari lake la kupeleka watalii mbugani. Watalii wakakatika. Gari likalala uani mpaka nyasi zikaota chini ya magurudumu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule moja ya binafsi kule Nkubu. Shule ilifungwa, mwenyewe akageuza madarasa kuwa banda la kuku, nami nikafunga virago nikarudi kwa mama, upande wa Kanyakine. Baba alishafariki miaka mingi nyuma. Tukawa wanawake wawili, ng'ombe mmoja, migomba na kahawa, na sikumbuki kulala njaa.

Kisha kaka akapiga simu, sauti imechangamka kama ya mtu aliyeokoka juzi.

"Siz, mambo ya beach yameisha. Mzungu wa siku hizi hataki simba. Anataka mahali pa baridi, pametulia, akae miezi mitatu akifanya kazi yake na laptop. Haji kutembea, anakuja kuishi."

"Ataishi wapi?"

"Si hapo kwa mama? Hiyo nyumba si ni kubwa?"

Nyumba yenyewe baba aliijenga kwa mawe wakati kahawa ilikuwa na maana. Ina vyumba vitatu na baraza inayotazama bonde, na asubuhi isiyo na ukungu unauona mlima wote na theluji yake. Mama alilala katika chumba cha upande wa mlima tangu siku walipohamia. Nilidhani atakataa. Alikubali kabla kaka hajamaliza kueleza, kwa vile mzazi akisikia kifunguamimba wake hana kazi, hana tena masikio ya kusikia kingine.

"Ni miezi mitatu tu," aliniambia. "Nyinyi wawili niliwazaa kwenye nyumba ya udongo. Stoo ndiyo itanishinda?"

Basi tukahamia stoo, mimi na yeye. Ni chumba cha mbao kando ya jiko, cha kuwekea mahindi, na upepo unapita kati ya mbao bila kubisha. Kaka alileta mafundi wakapaka nyumba rangi nyeupe na kufunga mtandao. Wakajenga choo cha kukalia pale mama alipopanda mboga. Picha ya baba iliteremshwa ukutani, mama akaifunga kwenye leso na kuiweka chini ya kitanda chetu. Kaka alisema wageni hawapendi kutazamwa na maiti. Alisema hivyo kuhusu baba yake, na mimi nikaendelea kukunja mapazia.

Anga zilipofunguliwa, mgeni akaja. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, mpole wa sauti, na alikuwa amejifunza kusema "Muga" kama tunavyosalimiana. Sikumchukia siku ile. Chuki ilikuja kidogo kidogo, kwa vitu ambavyo nikivitaja naonekana mimi ndiye mbaya. Alikuwa akiweka miguu yake mitupu juu ya meza tuliyokuwa tukilia chakula cha Krismasi. Chupi zake nilizifua mimi, mwalimu mwenye cheti, na nikazianika kwenye kamba ambayo majirani wote wanaiona. Mukimo wangu, viazi na mahindi niliyoponda mwenyewe, alionja kijiko kimoja, akatabasamu, akauficha chini ya kitambaa cha karatasi. Siku moja tulimzika jirani yetu mbiombio, watu wachache waliohesabiwa langoni, ndugu wengine wakilia wakiwa wamesimama barabarani. Niliporudi na udongo kwenye viatu, nikamkuta barazani akimwambia rafiki yake kwenye kompyuta kwamba huku ni raha, ni kama corona haijafika. Nilienda nyuma ya jiko nikatema mate.

Lakini sitamtwika yeye yote. Jioni moja ya wiki za mwanzo aliniita, akafungua kabati la chumbani. Ndani kulinuka dawa ya kuchua ambayo mama hupaka magoti. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, nani alikuwa akilala pale kabla yake.

Ningesema. Yule mtu hakuwa mkatili. Nadhani angefunga mabegi yake usiku uleule kwa aibu. Kaka alikuwa ameniagiza ninyamaze, lakini si agizo lake lililonifunga mdomo. Kwetu mgeni haambiwi kwamba amekusumbua. Ukilala chini ili yeye alale kitandani, asubuhi unamwambia ulilala vizuri mno. Nikamjibu kwamba hakuna mtu, ni nyumba ya wageni tu. Akashukuru. Nilitoka pale nikiona fahari kwa adabu zangu, mjinga mimi.

Miezi mitatu ikaisha. Kaka akapiga simu kwa furaha kutueleza kwamba mgeni ameongeza mitatu mingine. Ile mitatu mingine nayo ikaelekea kuisha, akaongeza tena. Mvua ilishaanza, na maji yalikuwa yakipenya kwenye mbao za stoo upande wa miguu yetu. Magoti ya mama yakavimba. Nikamwambia basi, naenda kumuuliza huyu mtu ataondoka lini.

"Thubutu," mama akasema. "Mgeni haulizwi siku ya kuondoka. Unataka watu waseme nilimfukuza mtu kwangu?"

"Watu gani? Wewe ndiye umefukuzwa."

"Nyamaza, mwalimu. Kuna njia."

Njia yenyewe kila mtoto ameisoma shuleni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakuisoma shuleni, aliiona ikifanywa nyumbani kwao. Mtu akikaa mpaka amepitiliza, humtukani. Unamkabidhi jembe asubuhi, na mwenye akili anaelewa, kesho yake anakumbuka ana safari. Basi asubuhi moja mama akavaa kilemba chake cha kanisani, akachukua jembe la baba, akavuka ua na kulisimamisha mbele ya mgeni pale barazani. Hakusema neno. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maziwa, nikaiweka chini, kwa sababu sikuwahi kumwona mama akimfanyia mtu jambo zito kama lile.

Mgeni aliruka kwa furaha. Aliita, "Mama! Kweli?" Akalibusu jembe, Mungu wangu. Akamkumbatia mama aliyekuwa amekauka kama ubao, akanipa simu niwapige picha na jembe lao, kisha akashuka shambani akalima mistari miwili na kung'oa njahi zote, maharagwe yetu meusi, zilizokuwa zimechomoza, akidhani ni magugu. Alitoka jasho, akacheka, akasema hajawahi kupokewa hivi popote duniani.

Wiki haikuisha kaka akatutumia tangazo la nyumba aliloliweka mtandaoni. Lilikuwa na ile picha, ambayo mgeni alimtumia, ya mama na kilemba chake na jembe mkononi, na maneno ya Kiingereza chini yake: njoo ukae, ulime pamoja na Mama. Nilimsomea. Aliniuliza mara mbili kama nimesoma vizuri. Kisha akasema jikoni kuna moto unazimika, akaenda. Kaka nilimpigia nikamtukana matusi ambayo mwalimu hafai kuyajua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Siz, mbona unachukulia vibaya? Mama amependwa."

Baridi ya katikati ya mwaka ilipoingia, mama akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi cha stoo, cha unyevu na vumbi la mahindi, ila miaka ile kikohozi kilikuwa kama bunduki. Mgeni alikisikia kutoka upande wa pili wa ua. Alivaa barakoa kuja kuniuliza kama yule mama ni mzima, halafu akamwandikia kaka. Nilimpeleka mama hospitali Nkubu wakampima, wakasema ni mapafu yamepigwa na baridi, corona hana, alale mahali pakavu penye joto. Mahali pakavu penye joto palikuwa hatua thelathini kutoka stoo, na ndani yake alilala mtu mwingine.

Kaka hakuhitaji hata kufikiri. "Mpeleke kwa shangazi, Ishiara. Kule kuna jua. Wacha mgeni atulie."

Tulimwita shangazi kwa mazoea ya utotoni tu. Ni dada mdogo wa mama, aliyeolewa Mbeere. Nikampeleka. Mama alibeba mfuko mmoja na ile leso yenye picha. Langoni mgeni alimpungia mkono kutoka barazani, na mama, kwa adabu zile zile zilizotufikisha pale, akamtakia kukaa kwema. Nilichukia, na sijui niliyemchukia zaidi ni nani, kaka, mgeni au mimi niliyemfungulia lango. Nilirudi peke yangu nikampikia mgeni mayai.

Aliondoka mwenyewe, mwezi na nusu baadaye, nchi zao zilipofunguka. Aliniachia barua ya shukrani na viatu vikuukuu. Kaka alitaka kuingiza wengine, mke na mume. Nilimwambia waje, na wakifika nitawaonyesha stoo, nitawaambia aliyelala humo ni nani na alifukuzwa na nani, kwa Kiingereza safi cha darasani. Akasema nina roho mbaya. Hawakuja.

Nikaosha nyumba siku mbili. Nilisugua ile meza mpaka vidole vikachubuka. Kitanda nikakitandika mablanketi ya mama ya zamani, msumari mtupu wa picha ya baba ukingoja ukutani, nikamtuma kijana wa bodaboda kwenda kumpokea mama stendi, mimi nikabaki kuchemsha chai ili anywe ikiwa moto.

Nilisikia pikipiki ikiondoka, halafu kimya. Nikadhani ameenda kumwona ng'ombe. Nilipochungulia ukumbini nikamwona kupitia mlango uliokuwa wazi kabisa. Alikuwa amekonda, kashika mfuko wake kwa mikono miwili. Alikuwa amevua viatu akavipanga pembeni ya kizingiti, wala hakuwa amekanyaga ndani.

"Hodi," alisema.

Nilingoja nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alikuwa anatazama sakafu, anasubiri.

"Karibu, mama," nikamwambia.

"Asante," akanijibu, kisha akaingia.