Hodi ya Tatu

Cheka, lakini cheka ukishasikia yote. Nimezaliwa mtaa wa Kuze, huku pwani, visa vya majini nimevisikia tangu sijaota meno, na sikuamini hata kimoja. Kazi yangu ni kuwafundisha wauguzi na wakunga maungo ya binadamu, na mimi huamini ninachoweza kukishika. Haya niliyaona mwenyewe, mchana kweupe, baada ya sala ya alasiri.

Nilikuwa na mwanafunzi kutoka Rabai, jina lake Kadzo. Mamake alifariki akimzaa, ndiyo maana alitaka ukunga kuliko kitu chochote. Lakini kila akifika mlango wa chumba cha maiti tunamosomea, miguu inakataa. Siku hiyo alikuja kuniaga.

"Mwalimu, narudi nyumbani. Siwezi kumshika mtu ambaye hata hanijui."

Iliniuma sana. Nikamwambia, "Kwani kwenu, ukienda kwa mtu usiyemjua, waingiaje?"

"Napiga hodi."

"Basi piga. Usipojibiwa mara ya tatu rudi zako, sitakuzuia."

Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Kadzo akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Ya tatu aliitoa kwa sauti ndogo, hata mimi sikuisikia vizuri.

"Karibu, mwanangu. Pita."

Wallahi, sauti ilitoka ndani. Ungekuwa wewe, ungefungua? Nilitia ufunguo, nikafungua. Bibi mmoja ameketi kitini kando ya meza, amejitanda leso, kama aliyekuwa akingoja mgeni. Akauchukua mkono wa Kadzo, akauweka juu ya kifundo cha mkono wake wa kushoto.

"Hapa nilivunjika nikiwa msichana. Pashike tu, hapaumi tena."

Nikageuka kutazama mlango. Niliporudisha macho, kiti kilikuwa kitupu.

Kadzo hakukimbia. Juu ya meza alilala maiti wa mama mzee aliyeusia mwili wake utumiwe kusomeshea, na hakuna aliyekuwa amemfunua bado. Kadzo akautoa mkono wa kushoto chini ya shuka, akapapasa kifundo. Mfupa ulikuwa na nundu, ulivunjika zamani ukaunga vibaya. Tulilia sote wawili.

"Asante, nyanya," akasema, kisha akavaa glavu.

Leo Kadzo ni mkunga, na hamgusi mama yeyote kabla ya kupiga hodi. Wanafunzi wangu nao hupiga hodi tatu mlangoni. Hatujajibiwa tena, ila mimi husubiri kidogo. Nawe ukija kusoma, tafadhali usilivute shuka hivi hivi. Huenda mwenyewe yumo.