Kibati cha Komini

Enzi zetu pale Buyenzi, Bujumbura, baiskeli isiyo na kibati ilikuwa kama mtoto mtoro: kila mkubwa aliyepita alijiona ana haki ya kuikamata sikio. Kibati kilitoka komini, yaani serikali yetu ya mtaa. Kilikuwa kidogo, kimegongwa namba, na rangi yake ilibadilika kila mwaka ili askari akujue toka mbali kama umelipia kodi ya baiskeli. Baba alikifunga kwa waya chini ya kiti, kisha anakipangusa kwa pindo la kanzu. Mama akimwona hakunyamaza: "We mwanaume, viatu vyangu mbona hujawahi kuvipangusa?" Tulicheka mpaka chai ikatutoka puani.

Baba aliuza ndagala, yaani dagaa wa ziwa letu. Alfajiri alikwenda ziwani na baiskeli yake, akarudi na vikapu viwili kwenye keria, paka wa mtaa mzima wakimsindikiza. Akishavishusha sokoni ananipakia mimi, ananipeleka shule. Basi darasani nilinuka ndagala toka Jumatatu mpaka Ijumaa. Wenzangu waliniita Mama Ndagala, na wawili watatu walijuta, maana mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko ulimi.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka tulivyojifunza. Ulianza na ringi tupu, unaisukuma kwa kijiti huku unakimbia peku mpaka nyayo zinawaka. Ukikomaa, unaiba baiskeli ya mzee. Mimi nilimvizia Baba akiingia kuswali alasiri. Baiskeli ilinizidi kimo, kwa hiyo nilipenyeza mguu chini ya bomba la juu, mwili umepinda, gauni nimelipiga fundo kiunoni, na naendesha hivyo hivyo upande upande. Bibi alikuwa akipiga kelele mlangoni, "Msichana wa baiskeli haolewi!" Nimeolewa, Bibi. Tena mara mbili.

Siku moja nilitumbukia nayo mtaroni. Goti lilichanika, hilo si kitu, lakini kibati kiling'oka kikaenda na maji machafu. Nilirudisha baiskeli ukutani, nikanyamaza. Kesho yake askari wa komini walimkamata Baba njiani, wakaizuia baiskeli, na kwa siku kadhaa nilimwona akipandisha vikapu kwa mabega, shati limelowa maji ya samaki. Wallahi sijawahi kula ugali mchungu kama ule wa siku zile. Yeye alilitazama goti langu, akajua yote, na hakunichapa.

Alipopata kibati kipya alinipeleka mwenyewe barabarani na baiskeli, mchana kweupe, Bibi akitazama. "Shika kulia, mwanangu," alisema. "Kulia ndiko kwetu. Usitazame tairi, tazama uendako." Kisha akakigonga kibati kwa kidole. "Wakikupa hiki, wamekubali kwamba na wewe umo barabarani."

Sasa niko Johannesburg. Ninashona nguo Berea, nalala Turffontein, na kati ya hapo na pale kuna foleni za teksi, daladala za huku, ambazo zilitaka kuniua. Mimi sikuumbwa kusubiri. Miguu inaniwasha, nakunja mkoba, nakunjua mkoba, mpaka jirani yangu wa foleni ananiuliza kama naumwa. Nikanunua baiskeli ya mtumba. Na mtaniamini nikiwaambia kwamba kwa wiki mbili niliikokota kwa mkono? Mwanamke mzima, natembea na baiskeli yangu kama naipeleka hospitali, kwa sababu haikuwa na kibati na nilimwogopa polisi! Mwishowe nilikwenda ofisi ya jiji, nikapanga mstari, nikaomba kibati. Karani alimwita mwenzake aje asikie. "Mama," alisema huku anafuta machozi ya kicheko, "hapa baiskeli haihitaji chochote. Panda tu, uende."

Mwingine angefurahi. Mimi nilitoka pale roho imenisimama. Kumbe katika jiji zima hapakuwa na kitabu hata kimoja kilichojua kwamba nina baiskeli. Nikapanda kwa hasira, na kwa mazoea nikashika kulia, na kulia kwa huku ndiko yanakotokea magari. Dereva wa teksi alinitukana kwa Kizulu. Wakati ule sikukijua Kizulu, lakini nilielewa kila neno.

Miaka ikapita, jiji likachora mstari wa baiskeli kwenye barabara yetu inayopita shuleni kwa binti yangu Rehema, na picha ya baiskeli nyeupe juu ya lami. Rehema ana miaka kumi na mitatu, amezaliwa hapa hapa. Ninamsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Siku ile ile akaanza: na yeye anataka kwenda shule kwa baiskeli. Nikakataa. Rangi si ukuta, magari yalikuwa yanaegeshwa juu ya ile picha kama haipo. Nikamwambia siku wakiweka mawe ya kuzuia magari, atapanda. Kwanza watoto hawa wa siku hizi, eish! Ukimtuma mkate spaza, kiduka cha hapo kona, anaiuliza simu njia. Akipanda baiskeli uani kwa dakika tano, kavaa kofia ngumu, glavu, na chupa ya maji kama anavuka jangwa. Sisi tulikunywa bombani kwa watu.

Halafu likaja tangazo. Jiji linaita mkutano: ama waweke mawe, ama wafute mstari na pale pawe maegesho. Rehema aliliweka tangazo juu ya cherehani yangu, akasimama hapo hapo mpaka nilipolisoma.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa shule. Viti vilikuwepo, Rehema akakaa, mimi nikashindwa. Nilisimama ukutani nabadilisha mguu huu na huu. Wenye magari walisema, wenye maduka wakasema. Kisha afisa wa jiji akauliza, "Nani hapa anatumia baiskeli kila siku?"

Hakuna mkono ulioinuka. Niliwajua wengi mimi. Kuna walinzi wa maghorofa, kuna wapishi, asubuhi tunapigiana kengele kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani. Lakini Jumamosi wote wako kazini. Na mimi ni mgeni. Katika kumbi kama zile, ukifungua mdomo tu lafudhi yako inakutaja, na kuna watu wanageuza shingo. Niliogopa, sifichi. Nikamkumbuka Baba na vikapu begani, nikanyoosha mkono.

"Mmoja," alisema afisa, akaandika.

Mmoja! Damu ilinipanda. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba wengine wako kazini, kwamba angekuja Jumatatu asubuhi asimame barabarani angewaona. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, lakini kalamu yake haikusogea.

Ndipo nikasikia kiti kinasukumwa. Rehema alikuwa amesimama, mkono juu, na sauti yake, ambayo nyumbani hainijibu Kiswahili hata kwa kuombea chumvi, ikasema, "Na mimi."

Afisa hakuelewa. Akanitazama mimi. Ukumbi mzima ukanitazama mimi. Mtoto hajawahi kupanda hata siku moja kwenye barabara ile, na aliyemkataza ni mimi. Ningeweza kusema hapana, kaa chini.

"Na yeye," nikatafsiri.

"Wawili," akaandika.

Uamuzi hawajautoa mpaka leo. Wamesema watatuletea jibu. Mawe hakuna, mstari unafifia, magari yanaegeshwa juu yake. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mwanangu nisingemfanya mwongo mbele ya serikali. Jumatatu tulitoka wote, yeye mbele, mimi nyuma. Niliwaza enzi zetu. Komini ilitusumbua, ilitukamata, ila ilijua tupo. Huku hakuna anayenisumbua, na kila siku naanza upya kuwaonyesha kwamba nipo. Ningempa Rehema nini, wakati kibati chenyewe huku hakitolewi? Nilikuwa na maneno ya Baba tu. Gari likaja kwa kasi nyuma yetu, nikapiga kelele bila kufikiri, "Shika kulia, mwanangu! Kulia!"

Hakutetereka. Hakulitazama tairi wala hakunigeukia mimi.

"Kushoto, Mama!" akajibu, kwa Kiswahili, akicheka. "Huku ni kushoto!"

Nikashika kushoto, nikamfuata.