Pembe Juu ya Jina la Kang'ethe

Kama hukuwahi kumsikia Kang'ethe akijisifu, basi wewe hukuwa Ruiru. Alikuwa fundi wa mawe, na alidai kwamba ukuta ukiugua, yeye huusikia kwenye kisigino cha kushoto. Alisema mwaka wa ishirini na nane, akiwa mvulana kule Subukia, alipata lile githingithia lenyewe, maana ndivyo wazee wake walivyoliita tetemeko, na akaona ghala la mawe la mwenye shamba likikaa chini kama mama aliyechoka na mzigo wa kuni. Kwamba ghala lilikaa, haya. Kwamba yeye alilishikilia kwa bega mpaka mbuzi wa mwisho akatoka, hapo tumwachie mwenyewe.

Lakini kazi aliijua, tusimwonee. Mwaka wa hamsini na saba, vikombe vilipocheza mezani mara mbili kwa mwezi mmoja, ofisi ya majengo ilimwandika kazi ya kukagua kuta za shule, kuanzia Ruiru mpaka Makongeni kule Thika. Njia yake ilikuwa moja. Akiona ufa, anabandika ukanda wa karatasi kwa uji mzito, upande huu wa ufa mpaka upande ule, kisha anaandika tarehe na jina lake. Ukuta ukisogea hata kidogo, karatasi inakatika. Karatasi yenyewe ilikuwa ile ya kaki ya kufungia sukari, aliyopewa bure na Mohanlal mwenye duka.

Kuandika jina alifundishwa na Zacharia, mwalimu mkuu wa shule ng'ambo ya reli. Hawa wawili walitahiriwa asubuhi moja, kando ya mto mmoja, wakaitana "rika" tangu siku hiyo. Ila Kang'ethe aliandika KANGETHE, bila ile alama ya juu, na kila mara Zacharia alimcheka.

"Rika, ng'ombe wako tena hana pembe!"

"Ng'ombe wangu hana haja ya pembe, rika. Anakamuliwa tu."

Jumanne moja ardhi ikatikisika kidogo, kama lori likipita. Kang'ethe akaacha chai yake, akakimbia mpaka shuleni kwa Zacharia. Darasa la pili, ukuta wa nyuma, ukanda ulikuwa umekatika katikati na kidole gumba kiliingia kwenye ufa. Chini ya ukuta huo walikaa watoto arobaini na wanane, na mmoja wao alikuwa Njambi, binti yake wa pekee.

"Chumba hiki kifungwe," alisema.

Zacharia aliangalia mlango kwanza. Siku zile za Hali ya Hatari shule nyingi zilikuwa zimefungwa na serikali, na funguo zake hazikurudi.

"Wakifunga, nani atafungua?"

"Ni chumba kimoja tu, rika."

"Wanaanzaga na kimoja."

"Basi ukuta uwafunike?"

Zacharia akamshika bega. "Nenda ukamwite karani. Mimi nitalinda hiyo karatasi yako kama jicho langu."

Kang'ethe akaenda, moyo mweupe. Kama si rika, amwamini nani?

Ijumaa akaja karani wa majengo kutoka Nairobi, Absalom, tai shingoni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wazazi wa kamati walikuwa wamejaa mlangoni, Zacharia mbele yao. Absalom akainama ukutani, akainuka, akatabasamu.

"Fundi, tetemeko lako lilipita barabara nyingine?"

Ukanda ulikuwa mzima. Wa kaki, tarehe ileile, jina lake, na ule ufa umefichwa kwa udongo.

"Kisigino kimekudanganya, baba Njambi!" alisema Waceke wa kamati, na kicheko kikaenda mpaka uwanjani.

Kang'ethe alisimama pale. Labda macho yalimdanganya Jumanne? Akasogeza uso karibu na karatasi, akasoma jina lake herufi moja moja, kama alivyofundishwa. Akafika katikati.

Pembe ilikuwepo.

KANG'ETHE. Safi kabisa, kama kwenye ubao. Mwalimu hata akighushi, lazima asahihishe.

"Hii si yangu," alisema polepole.

"Jina ni lako, limeandikwa vizuri kabisa," alisema Absalom. "Shida iko wapi?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Kijiji kizima kilimjua Kang'ethe kuwa msomi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekitangazia. Akamtazama Njambi, ameketi mstari wa nyuma, mgongo umeegemea ukuta.

"Shida ni hivyo vizuri," alisema. "Mimi sijui kuandika jina langu vizuri. Nipe penseli."

Akaandika ukutani, mbele ya watu wote: KANGETHE. Hakuna aliyecheka. Absalom akachukua kisu, akakwaruza ule udongo mbichi, na kisu kikazama mpaka kwenye mpini.

Kang'ethe hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja, watu wote walikuwa wanatazama viatu vya Zacharia, mwenye ule mwandiko wa ubaoni.

"Mkono ulizoea kusahihisha tu," Zacharia alisema chini chini.

"Nilikuachia watoto, rika."

Chumba kilifungwa mchana huohuo, watoto wakabeba madawati vichwani mpaka kanisani. Na usidhani Kang'ethe alishukuriwa. Wazazi walimnunia kana kwamba yeye ndiye aliyeupasua ukuta.

Jumatatu alikuwa Makongeni, anabandika ukanda mwingine. Alipoandika jina, penseli ikasimama juu ya ile ng, ikangoja kidogo, ikapita. Ng'ombe akabaki bila pembe.

Jioni akirudi alikutana na Zacharia penye reli. Zacharia alishuka kwenye baiskeli, akasafisha koo.

"Habari, fundi."

Miaka ishirini na mitatu ya "rika", leo fundi.

"Mzuri, mwarimu," alisema Kang'ethe, akapita.