Githeri ya Mgeni

Mimi shule niliachia darasa la pili, kwa hivyo naandika vile niliona tu. Wakati wa Emajensi, Mwingereza akipigana na Mau Mau, tulitolewa mashambani kwetu tukasongamanishwa katika kijiji kimoja karibu na Ruiru, kimezungukwa na mtaro uliojaa vijiti vilivyochongwa. Asubuhi wanawake tulikuwa tunapelekwa na askari kuchuma kahawa. Kahawa tamu sana, wanasema. Mimi mpaka leo ni chai tu. Lakini nimepotea njia.

Nilipoolewa, mama mkwe aliniambia mke hapakui chungu chote. Unabakisha githeri kidogo, yale mahindi na maharagwe, unaifunika kwa bakuli kando ya moto, kwa sababu huwezi kujua nani atapita na njaa. Asipokuja mtu, watoto wanakula asubuhi. Nyumba zote zilikuwa hivyo. Wanajeshi Waingereza, tuliwaita majoni, hawakujua hayo. Wao walijua kitu kimoja: anayelisha Mau Mau, watu wa msituni, anafungwa.

Basi wakaja kupekua alfajiri. Wanaume walichuchumalishwa nje, mikono kichwani. Mimi nikabaki ndani na mtoto anayenyonya. Joni mmoja mwenye uso mwekundu akafunua bakuli.

"Hii ya nani?"

"Ya mgeni."

"Mgeni iko wapi?"

"Hajafika."

"Jina yake?"

"Nitajuaje, na hajafika?"

Homgadi aliyekuja naye, askari wa kwetu aliyewasaidia, kijana wa Kikuyu kutoka Kalimoni, karibu acheke. Akamwambia, "Afande, ni kweli. Hata mama yangu huweka. Ni desturi yetu."

Yule joni akanitazama, akatazama mtoto. Akaweka bakuli chini. Nikaona tumepona. Lakini alipokuwa akitoka akamwuliza mume wangu pale chini, "Wewe! Chakula nani hiyo ndani?"

Mume wangu hakuwa amesikia neno letu hata moja. Akaona mimi nitachukuliwa, akajibu haraka, "Yangu, bwana. Jana tumbo lilikuwa linauma, sikumaliza."

Joni akarudi ndani. "Mgeni na bwana yako, mtu moja?"

Homgadi akainamisha kichwa. Akaniambia polepole kwa Kikuyu, "Dada, mzee wako amekumaliza. Sasa mimi nitasema nini?"

Mtoto nilimpa mama mkwe pale mlangoni, akilia anataka ziwa. Nilipandishwa lori mpaka Thika, na kutoka Thika jela ya mbali zaidi. Maziwa yalinitoka njiani yakalowesha nguo, na wanaume waliofungwa nami kwenye lori wakageuza nyuso. Wanaume wa siku hizo walikuwa na adabu, nitasema hivyo.

Niliporudi, mtoto alikuwa anakimbia. Nilimshika, akaniuma mkono, akaenda kwa cucu wake, yule mama mkwe. Mume wangu alisimama hapo na kofia mkononi.

"Nilitaka kukuokoa," akasema.

"Najua."

Tuliishi pamoja miaka mingi, na ilikuwa hivyo: yeye akisema alitaka kuniokoa, mimi nikisema najua, hata siku alipokuwa anakufa.