Bakuli Jekundu

Mhudumu wetu wa afya hapa Ngulyati hana haya ya mgeni, nasi tunampenda hivyo hivyo. Huingia uani saa ya chakula makusudi, akitusalimu kwa Kisukuma, "Mwadila!", kwa sauti ya kuitia ng'ombe, kisha hukaa kwenye kigoda na kukataa kula. Anachotazama ni bakuli dogo jekundu. Kikundi cha wakulima wa pamba kilinunua mabakuli hayo, kila mtoto mdogo na lake, baada ya yeye kutusumbua mkutanoni: mtoto akila sahani moja na wakubwa huambulia ugali na mchuzi tu, na ndivyo anavyodumaa. Vidole vyake hunukia karanga anazotwanga kwa ajili ya uji wa watoto. Kwa vidole hivyo alimchapa mkono jirani yangu Ngassa, mbele ya wakwe zake, alipochomoa dagaa kwenye bakuli la mwanawe. "Baba, hilo lina mwenyewe."

Ngassa alinuna msimu mzima wa palizi. Jana mdogo wake alipopeleka mkono kwenye bakuli lile lile, Ngassa akamchapa. "Hilo lina mwenyewe!" Mhudumu akageuka haraka kuwatazama kuku, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.